Stelingi ya lori kuukuu: kubadilisha sili, kufunga boksi la mtumba au kununua jipya?

Wenye malori hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, huniuliza swali moja karibu kila wiki: "Mzee, stelingi inacheza. Ninunue boksi la mtumba au nifungue hili langu nibadilishe sili?" Boksi ni lile la stelingi, linalopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka kwenye magurudumu. Nami kabla ya kujibu huuliza: nani amekuambia ni boksi? Mara nyingi inakuwa fundi alipanda kebini, akautikisa usukani kulia na kushoto, akashuka na kusema boksi limekufa.

Hukumu ya namna hiyo imewahi kunigharimu. Fuso yangu ilikuwa ikibeba mahindi kutoka upande wa Masindi kuja mpakani, na ikaanza kutangatanga. Kwenye lami ya Luweero sikuweza kuuacha usukani utulie hata kidogo. Kila tuta dogo lilinirusha upande, nami nikawa narudisha, narudisha, mpaka mabega yakauma. Gereji niliyoipeleka ilifunga boksi lingine la mtumba. Nikalipia boksi, nikalipia mafuta, nikalipia kazi ya siku nzima. Safari iliyofuata lori likatangatanga vilevile. Kosa lilikuwa kingipini ya kushoto, yaani pini ya ekseli ambayo gurudumu la mbele hugeukia, na hakuna aliyekuwa ameliinua gurudumu aikague. Boksi langu la kwanza, lililokuwa zima, lilikuwa limeshauzwa kama chuma chakavu.

Kwa hiyo nitalinganisha njia za matengenezo, lakini naanza na kutafuta kosa, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Usukani mlegevu na usukani mzito

Haya ni magonjwa mawili, ingawa watu huyataja kwa pumzi moja. Ulegevu, ule mafundi wanaouita pleyi, ni pale unapozungusha usukani na magurudumu yakachelewa kuitika. Uzito ni pale yanapoitika lakini kwa kukutoa jasho. Mlegevu hutafutwa kwenye maungio. Mzito hutafutwa kwenye mafuta, pampu na penye grisi iliyokauka.

Pleyi ipime, usikisie. Simamisha lori kwenye sakafu iliyo sawa, magurudumu yakitazama mbele, injini ikiunguruma kama stelingi ni ya hidroliki. Chora alama ya chaki kwenye ukingo wa usukani, uzungushe taratibu mpaka gurudumu la mbele lianze kusogea, chora tena upande wa pili, kisha pima kwa futi. Sheria ya Marekani ya magari ya biashara inatoa mipaka iliyo wazi: usukani wenye kipenyo cha inchi 20 usizidi milimita 133 kwa stelingi ya hidroliki na milimita 64 kwa ile ya mkono, wa inchi 22 usizidi 146 na 70. Hiyo ni mipaka ya gari kutoruhusiwa barabarani, si kipimo cha stelingi nzuri. Mimi nikifika nusu yake naanza kulala chini ya lori.

Na chini ya lori ndiko ukweli uliko. Tanboi, msaidizi wako wa lori, akae kebini, injini ikiwaka, auchezeshe usukani robo mzunguko kwenda na kurudi bila kusimama. Wewe chukua tochi na uweke kiganja juu ya kila ungio, moja baada ya jingine, ukianzia juu. Malori mengi ya Kijapani yana kebini inayolala mbele, kwa hiyo shafti ya usukani ina krosi (ungio la msalaba linaloiwezesha kupinda) na meno yanayoteleza. Krosi ikichakaa hutoa pleyi inayofanana kabisa na ya boksi, na ni spea ndogo. Ukishuka, tazama shafti inayoingia kwenye boksi na mkono wa pitimani unaotoka. Shafti ikizunguka wakati mkono umelala, boksi ndilo. Mkono ukisogea na dragilinki (fimbo inayotoka kwenye mkono huo kwenda kwenye gurudumu) ikasubiri, ni kichwa cha dragilinki. Dragilinki ikisogea pamoja na gurudumu lake, lakini gurudumu la pili likachelewa, tazama tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Tena angalia boksi lenyewe dhidi ya chasisi. Nimewahi kuona boksi likipumua kama mapafu kwa sababu boliti zake zilikuwa zimelegea na chasisi imeanza kupasuka pembeni. Boksi jipya mahali hapo lingepumua vilevile.

Kingipini haijionyeshi vizuri kwa jaribio hilo. Inua ekseli kwa jeki, weka stendi imara, usiamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie tanboi akanyage breki. Mchezo ukiisha ni beringi za habu, kitovu cha gurudumu. Ukibaki ni kingipini na bushi zake. Jaribio hili ni la dakika tano, na lingeniokolea boksi zima. Upande wa kushoto huwa ninaukagua kwanza, maana ndio unaokanyaga ukingo wa lami uliomeguka kila tunapopishana na matrela.

Kwa usukani mzito, pima upepo wa matairi ya mbele kwanza, kisha kiasi cha mafuta na mkazo wa fenibelti. Vyote vikiwa sawa, inua ekseli, chomoa dragilinki kwenye gurudumu, usukume magurudumu kwa mikono. Yakigoma, kingipini imekauka au beringi yake ya kubeba uzito imekufa. Yakienda kwa ulaini, kosa liko juu: boksi, pampu au krosi iliyoshika kutu.

Ikiwa kweli ni boksi

Sasa tuziweke njia tatu ubavu kwa ubavu: kiti ya sili (pakiti ya sili za kubadilishia), boksi la mtumba kutoka Japani, na boksi jipya.

Kiti ya sili ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Ndani ya pakiti kuna mipira na pete za kuzuia mafuta. Hamna shafti, hamna gololi, hamna meno. Kwa hiyo kiti ya sili inazuia mafuta yasitoke. Haiondoi pleyi hata milimita moja. Kama boksi lako linavuja lakini halichezi, hii ndiyo njia, na usikubali kuuziwa nyingine. Sharti ni moja: shafti inapopita kwenye sili iwe laini. Pitisha ukucha. Ukikwama kwenye shimo la kutu au mfereji, sili mpya itachanwa na kuvuja tena baada ya muda mfupi.

Jambo la pili kuhusu njia hii ni mahali kazi inapofanyiwa. Gereji zetu nyingi ni uwanja wa vumbi la maramu. Boksi la hidroliki lina vali yenye nafasi nyembamba sana, na punje ya mchanga inatosha kulifanya livute upande mmoja. Mimi huomba meza isafishwe, vyuma vioshwe kwa dizeli safi, na kisitumike kitambaa kinachoacha nyuzi. Fundi akinuna, natafuta mwingine. Gololi nazo zihesabiwe zinapotoka na zirudi zote, zilezile. Ukichanganya mpya na kuukuu, mpya zitabeba mzigo wote peke yake.

Hapa ndipo lazima niitaje skrubu ya juu ya boksi, ile yenye nati ya kufungia. Ndiyo njia ya nne ambayo haimo kwenye orodha yangu, lakini ndiyo inayotumika zaidi: kaza kidogo, pleyi imepungua, dereva amefurahi. Skrubu hiyo ina kazi yake halali ya kuweka meno katika nafasi sahihi usukani ukiwa katikati. Lakini meno ya boksi huchakaa zaidi pale katikati, kwa sababu lori hushinda likienda mbele. Ukikaza mpaka pleyi ya katikati iishe kwenye boksi lililochakaa sana, litabana unapokata kona, na usukani hautarudi wenyewe. Dereva anayetoka kwenye kona na usukani umekwama upande yuko hatarini kuliko yule mwenye pleyi. Geuza kwa robo mzunguko au pungufu, jaribu kutoka mwisho hadi mwisho, na ukihisi kubana rudisha.

Boksi la mtumba kutoka Japani lina faida moja ambayo ni bahati yetu ya historia: Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia. Boksi la Isuzu au Fuso lililotoka kule limejengwa kwa upande wetu. Boksi la lori la Ulaya la usukani wa kushoto ni jambo lingine. Umbo na mfungo wake ni wa upande wa pili, na hata likilazimishwa kukaa huenda likageuza magurudumu kinyume. Jirani zetu wa Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia, kwa hiyo spea za namna hiyo huzunguka mpakani. Uliza.

Ukienda Kisekka au Ndeeba, kwenye maduka ya spea ya Kampala, beba boksi lako la zamani. Picha ya simu haitoshi. Linganisha mashimo ya boliti, meno ya shafti ya mkono, matundu ya paipu, na idadi ya mizunguko kutoka mwisho hadi mwisho. Kisha lijaribu hapohapo dukani: zungusha shafti ya juu kwa mkono mpaka mwisho mmoja, hesabu mizunguko mpaka mwisho wa pili, gawa kwa mbili, urudi katikati. Katikati panatakiwa pawe na ukazo mdogo, mwepesi, unaopotea unapoondoka. Pakiwa palegevu, boksi hilo limechoka kama lako. Na palipo na mikwaruzo mipya kwenye nati ya skrubu, jua kuna mtu ameshalikaza ili lipendeze mkononi mwa mnunuzi. Mwisho, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti siku ngapi anakupa za kulirudisha baada ya kulifunga. Asiyekubali kuandika amekwisha kukujibu.

Boksi jipya liko la namna mbili. La wakala wa kampuni hukaa vizuri na huja na karatasi zake, lakini bei yake ukiiweka kando ya thamani ya lori la miaka 30 inatisha, na mara nyingi utasubiri liagizwe huku lori limelala. Jipya la kuiga linapatikana haraka, na ubora wake unatofautiana kati ya boksi na boksi. Lipimeni dukani kwa jaribio lilelile la katikati. Kung'aa kwa rangi si dalili ya chochote.

Nichague? Linavuja bila pleyi: kiti ya sili. Lina pleyi ya ndani: mtumba wa Japani uliopita jaribio, kabla ya kufikiria kulijaza boksi lako vyuma vipya kimoja kimoja. Lakini bei ya mtumba ikifika theluthi mbili ya jipya la kuiga lililo zuri, mimi ningechukua jipya, maana mtumba hauniambii umetembea kilomita ngapi.

Lolote utakalolifunga, usilifunge kwenye mafuta ya zamani. Boksi au pampu iliyokufa huacha unga wa chuma ndani ya paipu na tangi, na unga huo utalila boksi ulilonunua. Safisha tangi, badilisha chujio, tumia aina moja ya mafuta, ile iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha lori, bila kuchanganya. Kisha toa hewa: inua ekseli, zungusha usukani mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, ongeza mafuta, washa, rudia mpaka povu liishe kwenye tangi. Usishikilie usukani mwishoni kabisa zaidi ya sekunde tano. Hapo presha hupanda hadi kilele na mafuta huchemka, na pampu nyingi huuawa na madereva wanaogeuza lori papo hapo kwenye maegesho finyu.

Kingipini: ya pakiti au ya kukereza Katwe?

Hapa nina msimamo mkali. Mafundi wa Katwe, mtaa wa gereji na wakerezaji wa Kampala, wanaweza kukukerezea karibu kitu chochote, na ninawaheshimu. Malori mengi yangekuwa yameoza bila wao. Bushi za shaba wanazokereza nimezitumia na zimenitumikia. Pini yenyewe ni hadithi nyingine. Kingipini ya kiwandani imegandishwa ugumu kwenye ngozi yake ya nje, ndani ikabaki na unyumbufu ili isivunjike. Ukikereza pini kutoka kwenye kipande cha shafti ya kawaida, utapata kipimo sahihi lakini hutapata ngozi ile. Italiwa mapema, na itakula bushi pamoja nayo. Kwa hiyo pini inunuliwe mpya kwenye kiti yake, pamoja na beringi ya kubeba uzito na shimu (bati nyembamba za kujazia nafasi). Bushi zinaweza kutoka kwenye kiti au kwa mkerezaji unayemwamini.

Kuna hali moja ambapo Katwe haiepukiki: tundu la ekseli lenyewe likiwa limepanuka. Pini inatakiwa ibanwe imara kwenye ekseli na igeukie ndani ya bushi za stabu ekseli, kile kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo. Ikicheza ndani ya ekseli, kiti mpya itakuwa kazi bure, na tundu litahitaji kupanuliwa na kuwekewa bushi ya chuma na mtu mwenye mashine kubwa. Kipande cha bati kilichozungushiwa pini nimekikuta mara mbili kwenye malori niliyonunua. Kitoe.

Makosa mawili ya kufunga nayajua kwa macho yangu. La kwanza, bushi huingizwa bila tundu lake kuelekeana na tundu la grisi. Unapiga grisi mpaka bomba linagoma, na ndani pamekauka. La pili, bushi ya juu na ya chini husuguliwa kila moja peke yake, zikakosa kuwa kwenye mstari mmoja, pini ikabana. Kisuguo kirefu kipite zote mbili kwa pamoja.

Kisha grisi. Ipige ekseli ikiwa imeinuliwa. Lori likikaa chini, uzito wote unakandamiza beringi ya chini na grisi haipati pa kupita. Ikiinuliwa, nafasi inafunguka. Kwa barabara za maramu mimi hupiga kila baada ya safari ya mvua, hata kama haijafika zamu yake.

Tairodi na dragilinki: mpya tu

Sehemu hii haina ulinganisho mrefu. Vichwa vya tairodi na dragilinki nunua vipya, usinunue mtumba hata ukiuziwa kwa bei ya soda. Ungio la gololi likichomoka, hakuna kitu kinacholiunganisha gurudumu na usukani. Na usiruhusu mtu achomelee au anyooshe kwa moto mkono wa pitimani, dragilinki, tairodi au mkono wa stabu ekseli. Moto huondoa ugumu wa chuma, na ufa unaoanzia ndani hauonekani mpaka siku unapokatika.

Mkono wa pitimani utolewe kwa pula, kifaa cha kuuvuta. Nyundo nzito inayopigwa pale inaingiza pigo moja kwa moja kwenye beringi za boksi ulilotoka kulilipia. Weka alama kwenye meno kabla hujautoa, ili urudi mahali pake. Nati ya vichwa ikikazwa na tundu la kotapini (pini inayozuia nati isifunguke) lisilingane, kaza zaidi mpaka lilingane, usirudishe nyuma. Na upande mmoja wa tairodi una uzi wa kushoto, kwa hiyo kijana asiyejua asilazimishe.

Kupanga magurudumu: mashine au uzi?

Baada ya kubadilisha tairodi au kingipini, upana wa mbele na nyuma wa magurudumu lazima upimwe upya. Mashine ni bora, na iko mijini. Lakini aliye mbali asiache kupima. Inua ekseli, zungusha kila tairi huku umeshikilia msumari ili uchore mstari mmoja mwembamba kuzunguka katikati yake. Shusha lori, lisogeze mbele kidogo likae kwa uzito wake, kisha pima umbali kati ya mistari miwili, mbele na nyuma ya ekseli, kwa urefu uleule kutoka ardhini. Tofauti inayotakiwa ni milimita chache tu, mbele pakiwa pembamba zaidi. Kitabu cha lori lako kitataja kamili. Uzi na futi vimenifikisha mbali. Kinachovishinda ni kuegemea kwa kingipini na ekseli iliyopinda. Hapo nenda kwenye mashine.

Ukitaka kujua kama kipimo kimeshika, pitisha kiganja juu ya kashata za tairi kutoka nje kwenda ndani na kurudi baada ya wiki mbili. Kukiwa na meno kama ya msumeno upande mmoja, bado hakijakaa.

Lori likiendelea kuvuta upande mmoja baada ya yote haya, usirudi kwenye stelingi. Gusa habu za mbele baada ya safari: iliyo moto zaidi ina breki inayoshika. Angalia sentaboliti ya springi pia. Ikikatika, ekseli hurudi nyuma upande mmoja na lori hutembea kimshazari kama kaa.

Pesa ikitosha kitu kimoja

Huu ndio uchaguzi wa wengi wetu, na jibu langu halina mashaka. Kichwa cha tairodi kinachocheza kinatangulia kila kitu, na lori lisitoke mpaka kibadilishwe. Kingipini inafuata. Boksi linalolowana mafuta bila kudondosha linaweza kusubiri mwezi, ukibeba chupa ya mafuta yaleyale na kukagua tangi kila asubuhi. Isipokuwa kwa anayeshuka Kapchorwa au anayezunguka milima ya kwenda Kisoro: kule mafuta yakiisha katikati ya kona, usukani unakuwa mzito ghafla na mzigo unakusukuma kutoka nyuma. Kwa njia hizo boksi linalovuja nalo lisitoke.

Na kazi ikiisha, safari ya kwanza iwe fupi. Busia hadi Bugiri na kurudi inatosha. Ukifika, kabla hujapakia, lala tena chini na spana: nati ya mkono wa pitimani, boliti za boksi kwenye chasisi, yuboliti za springi za mbele. Zinazokubali kuzunguka zikaze, uzipige alama ya rangi, uziangalie tena kesho yake.